Kamba ya Mwalimu wa Hesabu

Jumatano, tarehe 8 Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, si ya kishindo, ile ya kuchuruzika tu. Ilipofika saa nne ikakatika, na jua likatoka kali kana kwamba hakuna kilichotokea. Nguo nimezianika mara mbili na kuzianua mara mbili. Njia ya kwenda Bariadi mjini ni tope tupu.

Jana nilirudi kutoka Nyalikungu, kule Maswa. Nataka kuandika habari za Mwalimu wa Hesabu. Sijui kama ninafaa kuziandika. Mimi niliishia darasa la nne, nikamalizia na kisomo cha watu wazima, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupika chai ya walimu pale shuleni kwetu. Nitaandika nilichokiona. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, maana yeye mwenyewe alikuwa na neno lake, “Usiandike ambacho hujapima,” na alilisema mpaka watoto wakawa wanaliimba wakiruka kamba.

Nianze na salamu, kwa sababu ndipo watu wengi walipomchukia. Kwetu salamu si jambo la kupita. Mtu akikusalimia unasimama, unaitika, unaulizwa ya nyumbani na ya ng'ombe. Mwalimu wa Hesabu alikuwa na tabia ya kuizunguka nyumba kabla ya kupiga hodi. Anazunguka anahesabu hatua, midomo inacheza.

“Mwangaluka, Mwalimu!” namwambia.

“Kumi na saba, kumi na nane...”

“Mwalimu, nimekusalimia.”

“Ishirini na mbili. Mwangaluka, Mama Kulwa. Hili zizi la jirani yako, aliyelichora alikuwa amelewa.”

Jirani mwenyewe alikuwa amesimama palepale anakamua. Jirani huyo ni Baba Minza, nitamtaja tena. Siku ile alicheka, akasema, “Mwalimu, ng'ombe wangu hawajalalamika.” Mwalimu akamjibu kwa uso mkavu, “Hawajui wanachokosa.” Nilidhani watagombana. Hawakugombana. Baba Minza alikuwa mtu mwema, na nitalirudia hili, kwa sababu mbele huko ataonekana vibaya na sitaki aonekane vibaya tu. Mume wangu alipokufa, Baba Minza alinilimia shamba la pamba misimu miwili kwa ng'ombe wake bila kunidai hata debe la mtama.

Nisiandike mazuri tu ya Mwalimu. Alikuwa anachapa. Wanangu Kulwa na Doto, mapacha, walisoma kwake darasa la sita. Siku moja Doto aliandika kwamba mlango wa darasa una urefu wa “kama mita mbili”. Mwalimu akamwita mbele. “Kama? Kama ndiyo mita ngapi?” Akachapwa fimbo nne za mkononi. Kesho yake nilimpelekea chai isiyo na sukari, yeye peke yake kati ya walimu sita. Akainywa mpaka mwisho, akanirudishia kikombe. “Mama Kulwa,” akasema, “adhabu imefika.” Jumamosi yake nikamkuta amekaa na Doto kwenye ngazi ya darasa tangu asubuhi mpaka jua la utosini, wanapima ngazi, madirisha, hata mbuzi aliyepita. Kwa hiyo sijui nimweke upande gani. Fimbo zilikuwa nne na Jumamosi ilikuwa moja.

Alikuwa mwembamba, kofia ya kitambaa kichwani, chaki mbili kwenye mfuko wa shati, na mfuko ule ulikuwa mweupe hata siku ya sikukuu. Alikula polepole. Chapati aliikata pembetatu kwanza, zote sawa, ndipo ale. Hakuwa mtu wa kwetu na Kisukuma chake kilikuwa cha salamu tu.

Sasa niandike ile aliyoiita Kazi ya Majengo.

Ilikuwa miaka ile pamba ilipofunguliwa. Zamani pamba ilikuwa na mlango mmoja, wa ushirika. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mzani wake, na kila mmoja akigawa kalenda kwa wakulima. Kalenda zile hatukuwahi kuona mfano wake, karatasi inang'aa, na kila mwezi una picha ya jengo la mjini. Zilitundikwa hata kwenye nyumba ambazo hakuna anayejua kusoma. Mwaka ulipokwisha, Mwalimu wa Hesabu akaanza kupita duka kwa duka na nyumba kwa nyumba kuomba zilizochakaa.

“Mwalimu, mwaka umekwisha,” mwenye duka mmoja akamwambia mbele ya watu, “unataka kuurudia?”

“Mwaka siutaki. Nataka nyumba.”

Watu wakacheka wiki nzima. Lakini kuta za darasa la sita zikajaa. Kulikuwa na kanisa la zamani la kule bandarini, paa lake jekundu limechongoka. Kulikuwa na jengo refu la vioo, mistatili juu ya mistatili. Kulikuwa na soko la Kariakoo, lile lenye paa la miavuli ya zege. Kila mtoto alichagua jengo moja, alichore kwa skeli, halafu alijenge kwa miti mikavu ya pamba na udongo wa mfinyanzi.

Jiko langu la chai lilitazamana na dirisha la darasa hilo, kwa hiyo na mimi nilisoma, bila daftari. Nilimwona akifunga vijiti vinne kwa nyuzi vikawa mraba. Akausukuma kwa kidole kimoja, mraba ukalala upande kama mlevi. Akafunga vitatu. Akasukuma. Akasukuma tena, haikulala. “Haibembelezwi hii,” akasema. “Tazameni paa la kanisa. Limesimama tangu Mjerumani. Tafuteni pembetatu ziko ngapi.” Watoto wakazikimbilia picha, na mimi nikatazama juu kwenye paa la jiko langu nikaziona pale, tatu, zimejaa masizi. Nilipigwa na butwaa. Miaka yote ile nilikuwa nimepika chini yake.

Miavuli ya soko ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nilimuuliza alipokuja kuchukua chai: mbona imegeuzwa, mdomo uko juu?

“Ili ikinge mvua. Maji yanashuka ndani ya mguu wake.”

“Mwalimu, hapo fundi alilewa.”

“Wewe mvua ikinyesha unaweka nini nje?”

“Beseni.”

“Umelifunika au umeligeuza mdomo juu?”

Nikalitazama beseni langu. Alicheka mpaka chai ikammwagikia. Nafikiri ni mara mbili tu nimemwona akicheka hivyo.

Mjini kwenyewe alifika mara moja tu maishani, kwa semina, na alipachukia. Alisema alipotea siku ya kwanza kwa sababu ya kutazama juu, na siku ya pili akaibiwa viatu. Nilimuuliza, sasa unawafundisha watoto mapenzi ya mahali usipopapenda? Akasema hafundishi mji. Anafundisha watoto wasiogope kitu kikubwa. “Kikubwa ukishakipima, kimebaki kuwa namba.” Jambo hilo nililiamini wakati ule. Sasa sijui.

Na kulikuwa na sharti moja. Chini ya kila jengo lazima mchoraji ajichore mwenyewe, amesimama, kwa skeli ileile. “Nyumba bila mtu ni sanduku,” alisema. Chini ya karatasi mtoto anaandika jina lake, na mbele yake, “Kipimo cha mchoraji”, urefu wake wa kweli. Si wa kukisia. Ilibidi kila mtoto apimwe.

Shule ilikuwa na rula ya mita moja, ya mbao, imevunjika mwanzoni, inaanzia sentimita saba. Kwa rula ile kumpima mtoto ilikuwa hesabu mbili za kutoa, na Mwalimu alitaka kipimo kimoja kirefu, cha kunyooshwa mara moja. Ndipo akaja kwangu.

Nyumba yangu ni msonge. Mume wangu aliijenga kwa kigingi na kamba, kama wajenzi wetu wanavyofanya: kigingi katikati, kamba imenyooshwa, unazunguka unakwaruza ardhi. Mwalimu aliizunguka mara mbili. Akaingia ndani, akapima kutoka nguzo ya kati mpaka ukutani, sehemu nane. Akatoka, akavua kofia. Mwalimu wa Hesabu kuvua kofia! Wanangu walitazamana.

“Nani alichora duara hili?”

“Marehemu mume wangu.”

“Alisoma wapi?”

“Hakusoma.”

“Tofauti haifiki upana wa kidole. Kamba yake ipo?”

Ilikuwepo. Imetundikwa kwenye nguzo, kamba ya katani ya zamani, ngumu, isiyovutika, yenye mafundo kila baada ya nusu mita hivi, na mahali pamoja kitambaa cheusi kimezungushiwa. Nikaitungua nikampa.

Hapa ndipo nataka kuandika kwa uangalifu. Mume wangu alikuwa mjenzi, na pia alikuwa mmoja wa wachimba makaburi wa kitongoji chetu. Maiti kwetu inapimwa kwa kamba kabla ya kuchimba. Nilimwona akienda msibani na kamba ile. Niliwahi kuandika humu ndani kwamba nilidhani ni ya kufungia ng'ombe wa msiba. Huo ni uongo, nimeufuta. Sikudhani chochote. Niliiona nyumbani kila siku, na kitu cha kila siku mtu hakioni. Kuhusu kitambaa cheusi, nilidhani ni alama ya katikati ya nyumba. Hilo nalo sina hakika kama nilidhani kweli au ninajisaidia.

Nilichojua kwa hakika, kama kila mtu wa kwetu anavyojua, ni kwamba aliye hai hapimwi kwa kamba ya maiti. Nilikijua, na sikukiunganisha.

Akawapima watoto kwa siku tatu, wakati wa mapumziko, mmoja mmoja, mgongo ukutani. Mwanzo aliyapima mafundo yote kwa ile rula iliyovunjika, akayaandika. Wanangu walipimwa. Nilikuwa natazama toka jikoni, na Kulwa alipoambiwa amemzidi Doto kwa sentimita mbili nilipiga kigelegele. Nilipiga kigelegele. Hilo halijanitoka.

Minza, binti wa Baba Minza, alikuwa wa darasa hilo. Mtoto wa maneno mengi, anayetembea huku anaruka. Jengo lake lilikuwa soko. Alifinyanga miavuli kumi na miwili ya udongo juu ya vijiti vya pamba, akaja kunionyesha jikoni, akamimina maji ya chai juu ya mmoja aone kama yatashuka mguuni. Udongo ukayeyuka. “Mayu, zege tunalipata wapi?” akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, na mimi nikasema muulize baba yako auze dume.

Wiki iliyofuata alishikwa na homa. Zahanati haikuwa na dawa, siku zile ndipo dawa zilipoanza kuwa za kununua, na baba yake alikuwa ametoka na ng'ombe kutafuta maji upande wa Meatu. Alirudi siku ya tatu. Minza alikufa siku ya nne, asubuhi.

Kwenye mazishi mtoto mmoja akasema, kama watoto wanavyosema, “Yeye naye si alipimwa?” Neno likapita. Kabla ya matanga kuisha mkutano uliitwa uwanjani mwa shule, na wazee wakataka kuiona kamba. Mwalimu akaileta mwenyewe. Mzee mmoja mchimba makaburi akaishika, akaifuata fundo kwa fundo mpaka kwenye kitambaa cheusi, akaiachia ianguke.

“Hii ni ya kaburi,” akasema. “Hapo penye cheusi ndipo kina cha kaburi kinapoishia.”

Nilikuwa nimekaa na wanawake, mwiko wangu bado mkononi. Ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kujua kitambaa kile ni cha nini. Watoto wangu wawili walikuwa wamesimama na darasa lao.

Baba Minza alisimama. Hakuwa na panga, nataka hilo lijulikane, ingawa wengine walikuwa nayo. Alisema, “Mimi kwa Mwalimu sina neno. Mwalimu ni mgeni, hajui. Nitajieni mwenye kamba. Nani katika nyumba zetu aliyempa mgeni kamba ya kaburi akawapime watoto wetu?”

Anayesoma na asiyekuwepo miaka ile hataelewa. Kijiji cha pili kutoka kwetu, kabla ya mavuno, bibi mmoja alikatwa mapanga, ikasemwa ni mchawi, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Na macho mekundu ni ya moshi. Mwanamke anayepikia miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe miaka ishirini atakuwa na macho gani? Mimi nilikuwa mjane, nilikuwa mpishi, na macho yangu yalikuwa mekundu kama ya njiwa.

Sikusema. Nilifungua mdomo, hili nakumbuka, halafu sikusema.

“Kamba ni yangu,” Mwalimu wa Hesabu akasema.

“Yako? Umeitoa wapi?”

“Niliinunua mnadani, nilipofika huku. Mimi ndiye mwenye kamba. Na Minza nilimpima mimi, kwa mkono wangu.”

Wanawake wakapiga ukemi. Mtu akarusha bonge la udongo likampiga kifuani, penye mfuko wa chaki, na vumbi jeupe likaruka. Hakujifuta. Hakunitazama hata kidogo. Mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu wakamzunguka, akapandishwa lori la pamba lililokuwa linapita, na kamba yake mkononi. Hatukumwona tena. Tulisikia barua ya uhamisho imetoka na kwamba yuko Kimali, kule Meatu. Kalenda zilibanduliwa ukutani zikachomwa. Majengo ya udongo watoto waliyavunja wenyewe, na wanangu pia.

Miaka mitano. Baba Minza aliendelea kuwa jirani yangu. Alipita kila jioni kunijulia hali, aliniletea maziwa, na kila aliponiambia “Mama Kulwa, usiku mwema,” nilihisi nimemla nyama.

Mwezi uliopita Kulwa, ambaye sasa ni fundi mwashi, alikwenda kujenga Nyalikungu, akarudi na habari kwamba Mwalimu wa Hesabu amestaafu, anaishi huko, ana ugonjwa wa miguu. Nilikaa na habari hiyo wiki tatu. Juzi nikaondoka.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya chumba cha kupanga. Amezeeka kuliko miaka mitano. Mfuko wa shati ulikuwa msafi, hauna chaki, na hilo lilinishtua kuliko miguu yake iliyovimba.

“Mwadila, Mwalimu.”

Akaitika palepale, bila kuhesabu chochote. “Mwadila, Mama Kulwa. Karibu. Doto bado anasema ‘kama’?”

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yalitoka yote kwa mkupuo: kwamba kamba ilikuwa yangu, kwamba mdomo ulifunguka ukafunga, kwamba alifukuzwa kwa ajili yangu, kwamba nimekuja kuomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani, akijishika ukutani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne na ile kamba.

“Soma,” akasema.

Nikaikunjua. Lilikuwa soko la Kariakoo, limechorwa kwa penseli, miavuli kumi na miwili, mdomo juu, kila mmoja na mstari wa katikati. Chini ya soko hapakuwa na mtu. Pamewekwa alama ndogo ya msalaba tu, mahali pa kusimama. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa kuruka-ruka: Minza. Kipimo cha mchoraji. Mbele yake hakuna kitu.

Nilitazama mbele na nyuma ya karatasi. Nilidhani macho yangu yananidanganya.

“Mbona hakuna namba?”

“Kwa sababu hakupimwa. Zile siku tatu alikuwa anachuma pamba kwao. Nikamwambia tutakupima Jumatatu. Jumatatu hakuja.”

Nilikaa chini, kwenye udongo, na nguo yangu ya safari.

“Mwalimu. Kamba haikumgusa?”

“Haikumgusa.”

“Na karatasi hii ulikuwa nayo siku ile?”

“Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali.”

“Ungeitoa! Ungewaonyesha! Ungebaki shuleni kwako!”

“Ningebaki,” akasema. “Na wewe?”

Niliikunja karatasi, nikaikunjua tena.

“Wangesema, mgeni hakumpima, basi mtoto kauawa na nani? Baba yake hakuwa ananitafuta mimi. Alikuwa anamtafuta mwenye kamba. Mimi walinitoa kwa barua, Mama Kulwa. Wewe wasingekuandikia barua.” Akanitazama. “Na macho yako siku ile yalikuwa mekundu kuliko leo.”

“Ulidanganya, Mwalimu. Wewe.”

“Kwa mdomo, ndiyo. Kwenye karatasi umeona namba?” Hakucheka. “Niliwachapa watoto kwa sababu ya neno ‘kama’, halafu nikasimama mbele yao nikasema uongo mzima. Hilo ndilo linaloniuma, si uhamisho. Walinisikia. Minza hawezi tena kuwaambia kwamba sikumpima, na wao wote mpaka leo wanaamini rula na kamba vinaua.”

Akanipa vyote viwili, karatasi na kamba. Akasema yeye miguu haimfikishi kwetu tena. Nikamuuliza nivifanyie nini. Akasema hajui, na kwamba hilo si swali la hesabu. Nilimpikia chai kwenye jiko lake kabla ya kuondoka, nikatia sukari, nyingi. Alimega andazi nililomletea bila kulikata.

Leo, mvua ilipokatika, nilitundika kamba nje, ukutani, karibu na mlango. Sina hakika kama huo ulikuwa ujasiri au uchovu. Doto aliponiona akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia akae nami.

Baba Minza alikuja saa kumi na moja na kibuyu cha maziwa, kama kawaida. Aliiona kabla ya kunisalimia. Alisimama. Nilimwona akiifuata kwa macho, fundo kwa fundo, mpaka kwenye cheusi.

“Hii imetoka wapi?”

“Ni yangu,” nikasema. “Ilikuwa ya mume wangu. Mimi ndiye niliyempa Mwalimu. Na mwanao hakupimwa.”

Nikampa karatasi. Hajui kusoma, kwa hiyo nikamsomea, nikamwonyesha kwa kidole mahali pasipo na namba. Doto alikuwa amesimama mbele yangu, nadhani kunikinga, na mimi nilimsogeza pembeni. Baba Minza aliitazama karatasi muda mrefu mno. Maziwa yalikuwa bado mkononi.

“Hakupimwa,” akasema.

“Hakupimwa.”

“Miaka mitano nimemlaani mtu.”

Akaisogeza karatasi karibu na uso wake.

“Na hapa chini ndipo alipotakiwa asimame yeye?”

“Ndiyo. Wenzake wote walijichora. Yeye nafasi yake iko wazi.”

Akaweka kibuyu chini. Nilifikiri anakwenda kuichukua kamba, na kweli aliichukua, aliitungua kutoka ukutani. Akanishikisha ncha moja. Halafu akasimama wima, mgongo kwenye ukuta wa msonge, akaweka kiganja chake kwenye mbavu, chini kidogo ya chuchu, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto aliyesimama karibu yake.

“Alikuwa anafika hapa,” akasema. “Pima.”

Nilipiga magoti. Nikashika ncha ardhini, Doto akaivuta mpaka kwenye kiganja. Baba Minza hakutikisika. Doto akapima mafundo na kilichozidi kwa rula yake, akahesabu, akasema mita moja na sentimita thelathini na nne. Hakusema kama. Nikaandika kwa penseli mbele ya jina, na Doto akachora mtu pale penye msalaba, mdogo kama punje ya mtama, chini ya miavuli ile yote. Baba yake aliuliza, “Ndiye huyo?” Doto akasema ndiye.

Jioni hii tumekula ugali wa mtama, mlenda, na maziwa aliyoyaleta. Baba Minza amekula nasi. Ugali ulikuwa mgumu kidogo, nilisonga vibaya.